Uteuzi wa Mtandao wa Nyumbani na Ufungaji wa Ruta: Kisumu na Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Kwa muda mrefu wataalamu wa Kiswahili wamejishughulisha na intaneti kwa upande wa istilahi. Yameandikwa mengi kuhusu iwapo chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo neno la kuingilia liwe nywila au nenosiri. Mijadala hiyo ina thamani yake. Hata hivyo, mwenye nyumba aliyeko Migosi au Nyalenda haikumbuki anapobishiwa hodi na wakala wa mtandao aliyevaa fulana ya kampuni. Kinachomkabili mlangoni ni mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, bei ya kila mwezi, na tarakimu za kasi ambazo hana kipimo cha kuzilinganisha.

Makala haya yanadhamiria kueleza mambo anayostahili kuyajua mtu huyo kabla ya kutia sahihi, pamoja na namna ya kuiweka ruta yake katika hali nzuri baada ya fundi kwenda zake. Istilahi hazitapuuzwa, lakini zitajadiliwa pale tu zinapomsaidia mnunuzi au kumpotosha.

Uamuzi wenyewe si mdogo. Shule na vyuo vya Kenya vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, masomo yalihamia mtandaoni, na tofauti baina ya mwanafunzi mwenye mtandao nyumbani na asiye nao ikawa tofauti baina ya anayesoma na anayesubiri. Tangu hapo, katika nyumba nyingi za Kisumu, malipo ya mtandao yamejipanga foleni moja na kodi ya nyumba, umeme na maji. Familia inayochagua vibaya hujikuta ikilipia huduma isiyoifaa na bado ikinunua bando za simu ili kuziba pengo.

Safari ya mtandao hadi Kisumu

Ili mtu achague vyema, ni sharti afahamu mtandao unatoka wapi. Hadi mwaka 1999, simu na posta nchini Kenya zilikuwa chini ya shirika moja la umma. Mwaka huo shirika hilo liligawanywa, zikapatikana Telkom Kenya, shirika la posta, na tume ya kusimamia mawasiliano. Tume hiyo ndiyo ambayo tangu 2014 inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Enzi hizo, mawasiliano ya Kenya na ulimwengu wa nje yalitegemea zaidi setilaiti, na mitambo mikubwa ya kupokea mawimbi ilikuwa Longonot katika Bonde la Ufa. Mtandao ulikuwa ghali na wa polepole. Wakazi wa Kisumu waliukimbilia katika vyumba vya kulipia kwa dakika mjini, na aliyekuwa na laini ya simu nyumbani alisikiliza modemu ikilia kabla ya ukurasa mmoja kufunguka.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa, na mkongo wa SEACOM ukaanza kazi mwaka huo huo. EASSy ilifuata mwaka 2010. (Tanzania waliuita mtambo wao wa nchi kavu Mkongo wa Taifa, na yapo maandishi yanayouandika Mkonga. Neno hili lastahili makala yake pekee.) Kutoka Mombasa, nyuzi za kioo zilipandishwa bara hadi Nairobi, Nakuru na Kisumu, kisha zikaendelea hadi mpakani na Uganda. Anayejua historia ya Kisumu hatashangaa. Reli iliyofika Port Florence mwaka 1901 ilipanda bara kutoka bandari hiyo hiyo, ikapita Nairobi na Nakuru, ikaishia ziwani.

Umbali wa Mombasa hadi Kisumu kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Mwanga ndani ya kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo huchukua milisekunde nne hivi. Basi umbali si kisingizio cha mtandao wa Kisumu kuwa mzito. Udhaifu wa jiji hili uko penginepo: likitokea jambo Mombasa, Nairobi au baharini, Kisumu huhisi. Mwezi Februari 2012, nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na watumiaji wa Kenya na Tanzania wakapata shida kubwa. Kampuni iliyonunua nafasi katika mikongo kadhaa huhamishia mizigo kwingine siku kama hizo. Iliyotegemea mmoja huomba radhi kwa ujumbe mfupi. Swali la kwanza la mnunuzi, kwa hiyo, lisiwe la bei. Aulize: mkongo mmoja ukikatika, wateja wenu wa Kisumu hupitia wapi? Wakala wa mlangoni pengine hatajua, lakini ofisi yake inapaswa kujua.

Namna mtandao unavyoingia nyumbani

Zipo njia kadhaa, na hazilingani. Iliyo bora, pale inapopatikana, ni ya uzi wa kioo, ambayo watu wa Kisumu huiita faiba. Kampuni kama Safaricom, Zuku na Jamii Telecommunications, yenye jina la kibiashara Faiba, zimekuwa zikiuza huduma za aina hii nchini, ingawa si kila kampuni hufika kila mtaa. Neno faiba basi lina maana mbili sokoni, aina ya waya na jina la bidhaa ya kampuni moja, na mteja anayesema "nataka faiba" huenda akaeleweka visivyo. Huo ni mfano mzuri wa namna neno la mkopo linavyoweza kumgharimu mtu pesa.

Uzi wa kioo hubeba mwanga, haubebi umeme. Mvua haiudhoofishi na radi haipiti ndani yake. Waya unaotoka mlingotini huwa umefungwa pamoja na uzi wa chuma wa kuushikilia, nao ule wa chuma hukatwa nje ya ukuta. Fundi akiuingiza ndani pamoja na kioo, mwenye nyumba akatae, kwa maana chuma hicho kinaweza kuuingiza umeme wa radi ndani. Aidha, uzi wa kioo hauvumilii kukunjwa. Ukizungushwa kwenye kona kali nyuma ya kabati, mwanga hutoroka kwenye mkunjo na kasi hushuka bila taa yoyote kuonyesha kosa. Mzunguko wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai.

Nyuzi nyingi katika mitaa ya Kisumu zimetundikwa kwenye milingoti, nyingine ikiwa ni ya umeme. Hapa pana tahadhari kwa mtu anayetaka laini mbili za kampuni tofauti ili moja iwe akiba ya nyingine. Iwapo zote zinapita kwenye mlingoti mmoja, lori likiugonga zote hufa kwa wakati mmoja. Akiba ya kweli hutoka kwa njia ya aina nyingine.

Njia ya pili ni ya mnara wa simu. Kifaa chenye kadi ya simu hupokea mawimbi ya kizazi cha nne au cha tano na kuyagawa ndani ya nyumba. Safaricom ilipoanza majaribio ya kizazi cha tano mwezi Machi 2021, Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji michache iliyoteuliwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba mpangaji akihama kutoka Manyatta kwenda Mamboleo hubeba kifaa chake mkononi. Ubaya wake ni kwamba mnara hugawana uwezo wake na kila simu iliyo karibu. Mtu anayeishi jirani na uwanja au soko lenye umati atauona mtandao ukipanda na kushuka kama maji ya ziwa. Kabla ya kununua, apime kwa kadi ya kampuni ile ile katika simu yake, akiwa ndani ya chumba chake, usiku.

Ya tatu ni ya redio: sahani ndogo juu ya paa ikitazamana na mnara wa kampuni. Huhitaji kuonana bila kizuizi. Mitaa ya miinuko kama Riat, inayoitazama ghuba ya Winam kutoka juu, hufaidika. Nyumba zilizofunikwa na miembe hazifaidiki. Kwa wanaotaka kuvusha mawimbi juu ya maji hadi visiwani, fizikia ina hila yake, kwa kuwa uso wa ziwa huakisi mawimbi. Wimbi lililoakisiwa likikutana na lililokuja moja kwa moja, mawili hayo yanaweza kufutana. Mafundi hulikabili tatizo hilo kwa kubadilisha kimo cha sahani.

Kuhusu anga, mwambao huu una kisa cha kipekee. Mwezi Julai 2020, Telkom Kenya na kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet ambayo ndiyo mama wa Google, zilizindua huduma ya mtandao kwa baluni zilizoelea kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Eneo lililohudumiwa lilikuwa la kilomita za mraba 50,000 hivi, Kisumu, Kakamega, Kisii na Kericho zikiwamo. Mwezi Januari 2021 kampuni ikatangaza kwamba inafunga kazi, na baluni zikateremshwa. Mnunuzi asidhani kuwa jina kubwa ni dhamana ya huduma kudumu.

Setilaiti za leo si zile za enzi za Longonot. Za zamani hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde kupanda na kushuka. Hali hiyo huyafanya mazungumzo ya ana kwa ana kuwa ya kukatizana maneno. Starlink, iliyoingia Kenya mwezi Julai 2023, hutumia setilaiti nyingi zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na kusubiri huko kumekaribia kuondoka. Kwa shule iliyoko Mfangano, au mfanyabiashara wa samaki Remba, hii huenda ikawa ndiyo njia ya pekee ya maana. Lakini ajue mambo matatu. Sahani yake hudai anga wazi pande zote. Mvua nzito ya ziwani hukata mawimbi yake kwa dakika kadhaa. Tena hula umeme wa wati 50 na zaidi, ilhali ruta ya kawaida hutosheka na wati 10 hivi, na kwa anayetegemea sola hiyo ni hesabu ya betri nyingine. Jambo jingine ni kuwa setilaiti nazo hujaa. Mwishoni mwa mwaka 2024, Starlink ilisitisha kwa muda kuwapokea wateja wapya wa Nairobi na kaunti jirani kwa sababu ya msongamano.

Neno kasi na hila zake

Matangazo huuza kasi. Kwa hakika, kinachouzwa ni upana. Laini ya megabiti 10 na ya megabiti 40 hupeleka mwanga kwa mwendo ule ule. Tofauti ni kiasi kinachopita kwa sekunde moja, kama bomba jembamba na bomba nene yanayotoka kwenye tangi moja. Waliopendekeza "ukanda mpana" kuwa jina la huduma hii walikuwa karibu na ukweli kuliko wanaosema "intaneti ya kasi", japo umma umeshachagua la pili na hauelekei kurudi nyuma. Mwendo hasa ni jambo tofauti, yaani muda wa kusubiri jibu baada ya kuuliza. Nyumba yenye upana mkubwa na muda mrefu wa kusubiri itatazama filamu vizuri na kuongea kwa video vibaya.

Hila ya pili imo katika biti na baiti. Baiti moja ni biti nane. Kampuni huuza kwa biti, mafaili hupimwa kwa baiti. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde huleta megabaiti 1.25, basi mhadhara wa video wenye megabaiti 300 utachukua dakika nne, hapo pasipo na mwingine anayetumia. Mteja anayetarajia nusu dakika hataridhika, na hatakuwa ameibiwa. Amehesabu tu kwa kipimo kisicho chake.

Ya tatu ni kugawana. Katika mfumo uliozoeleka, uzi mmoja wa kioo kutoka kituoni hugawanywa na kifaa kidogo mlingotini ili uhudumie nyumba 32 au 64. Uwezo wa uzi huo kuleta data ni takribani megabiti 2,500 kwa sekunde. Ukigawanywa sawasawa kwa nyumba 64 zinazotumia zote kwa pamoja, kila moja hupata megabiti 39 hivi, na si kawaida nyumba zote kutumia kwa sekunde ile ile. Kwa hiyo mtandao wa Tom Mboya unapokuwa mzito saa tatu za usiku, uzi wa mtaani si wa kwanza kushukiwa. Kwa kawaida kampuni imeuza upana mwingi kuliko iliounua kwenda Nairobi na ng'ambo, au ruta ya nyumbani ndiyo yenye shida. Namna ya kutenganisha sababu hizo mbili itaelezwa hapa chini.

Kuna pia upana wa kupakia, ambao matangazo huupa herufi ndogo. Mwalimu anayefundisha kwa video au mwanafunzi anayewasilisha tasnifu huhitaji kutuma, si kupokea tu. Baadhi ya huduma hutoa upana sawa pande zote mbili. Nyingine hutoa sehemu ndogo tu kwa upande wa kutuma. Sharti jambo hili liulizwe.

Mkataba

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Pamoja na hayo, mikataba ya mtandao inayosambazwa mitaani huwa ya Kiingereza, na ya Kiingereza cha mawakili. Mama mwenye duka Kondele aliyesoma Kiingereza cha shule hawezi kulaumiwa kwa kutoelewa neno la kisheria linaloiruhusu kampuni kumpunguzia kasi akivuka kiasi fulani. Wakala humfasiria, naye wakala hulipwa kwa kila sahihi anayoipata. Ni vigumu kuona kazi iliyo karibu zaidi na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili kuliko kuifasiri mikataba hii, ukurasa kwa ukurasa, na kuibandika mahali watu wanapoiona. Tasnifu za uzamili zimeandikwa kuhusu mambo yenye manufaa madogo kuliko hayo.

Hadi tafsiri hizo zipatikane, mteja atafute majibu manne ndani ya mkataba. Iwapo bei ni ya kudumu au ni ya miezi ya mwanzo tu. Iwapo pana kiwango cha matumizi ambacho kikizidi kasi hupunguzwa, jambo ambalo hujificha nyuma ya maneno "bila kikomo". Ruta ni ya nani, na ikiungua ni nani anayelipa. Mwisho, mpangaji akihama nyumba kabla ya muda kwisha, atadaiwa nini? Hili la mwisho ndilo linalowaumiza wengi katika miji ya wapangaji. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa mawasiliano zilitungwa mwaka 2010, na Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya mteja ambaye kampuni imeshindwa kumtatulia shida. Sharti aanze na kampuni yenyewe, kwa maandishi, na ahifadhi nambari ya lalamiko anayopewa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inampa haki ya kuuliza nakala ya kitambulisho chake inatumiwa kwa kazi gani.

Kufunga ruta

Pana mvutano kuhusu jina. Wapo wanaopendelea "kipanganjia", na kwa upande wa maana ni jina sahihi, kwa kuwa kazi ya chombo ni kuamua kila kifurushi cha data kipite wapi. Lakini sanduku lililoko sebuleni hufanya zaidi ya hapo. Hupanga njia, hugawa anwani kwa simu na kompyuta za nyumba, huzuia wageni wasiokaribishwa, na hurusha mawimbi ya waifai. Watu wa Kisumu wanaposema "waifai imepotea" huku wakiwa na maana kwamba laini imekatwa kwa deni, wanachanganya kazi ya mwisho na mtandao mzima. Makala haya yanatumia "ruta", kwa kuwa ndilo neno atakalolielewa fundi. Mkanganyiko wa waifai na mtandao, hata hivyo, haufai kuvumiliwa, kwa maana huchelewesha matengenezo.

Fundi hupenda kuifunga ruta karibu na dirisha alipotoboa, kwa sababu huko waya wake huishia. Mwenye nyumba aombe waya uongezwe ili ruta ikae katikati ya nyumba, juu ya kabati au ukutani, mbali na jokofu na tangi la maji. Maji hufyonza mawimbi. Mabati huyarudisha, na hilo ni jambo zito katika Nyalenda na Obunga ambako kuta nyingi ni za mabati: chumba cha pili chaweza kukosa mtandao ijapokuwa ni hatua tatu tu. Katika nyumba ya ghorofa, sakafu ya zege yenye nondo huwa kizuizi kikubwa kuliko ukuta wa matofali.

Ruta nyingi za leo hurusha mikanda miwili ya mawimbi. Mkanda wa gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, lakini umejaa majirani. Ule wa gigahezi 5 una nafasi tele, ila huchoka upesi ukikutana na ukuta. Runinga na kompyuta zilizo sebuleni ziunganishwe na wa 5, simu zilizo jikoni na uani na ule wa 2.4. Katika ploti yenye nyumba kumi na ruta kumi, mkanda wa 2.4 huwa kama kikao ambacho kila mtu anazungumza kwa pamoja. Njia zake tatu zisizoingiliana ni ya 1, ya 6 na ya 11. Zipo programu za simu zinazoonyesha majirani wamejazana wapi. Achague ile yenye watu wachache, na asiweke 3 au 8 kwa kudhani amejitenga, kwa kuwa atakuwa anagombana na pande mbili.

Kuingia katika mipangilio si kugumu. Mtu aiunganishe kompyuta na ruta kwa waya, kisha katika nafasi ya anwani ya kivinjari aandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1, au anwani nyingine iliyochapishwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta. Kibandiko hicho pia kina jina na nywila za kuingilia, na hapo ndipo pana hatari ya kwanza, kwa kuwa fundi na kila aliyewahi kuigeuza ruta anazijua. Zibadilishwe siku ile ile. Nywila hizo ni za mipangilio. Ile ya waifai ni nyingine, na mbili hizo zisifanane.

Kuhusu nywila, mwanafunzi wa Kiswahili ana fursa na mtego. Mtego ni methali. Programu za kubahatisha nywila hulishwa orodha za maneno na misemo mashuhuri ya lugha nyingi, na methali ambayo kila mtu anaijua ni rahisi kubahatishwa. Fursa ni msamiati mpana. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyoteuliwa kwa kufungua kamusi ovyo, kwa mfano kambare, ngazi, mvungu na tisa, huunda nywila ndefu ambayo mwenyewe ataikumbuka na mwizi atahangaika nayo. (Mfano uliochapishwa hapa, bila shaka, haufai tena.)

Aina ya ulinzi iwe WPA2 au, kama vifaa vyote vinaikubali, WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018. WEP imejulikana kuwa dhaifu tangu 2001 na haina kazi tena. WPS, ambayo huruhusu kuunganishwa kwa kitufe au kwa nambari nane, izimwe, kwa maana nambari zake hubahatishwa. Kwa wageni, ruta nyingi zina mtandao wa pembeni ambao hauwaruhusu kuzifikia kompyuta za nyumba. Huo ndio apewe jirani anayeomba, ikiwa mkataba unaruhusu kugawana. Mikataba mingi hairuhusu. Na likitendeka kosa kupitia laini hiyo, wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye usajili.

Sasa yale mapimo yaliyoahidiwa. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vizimwe, kisha kasi ipimwe asubuhi mapema, adhuhuri, na baina ya saa mbili na saa nne za usiku. Halafu ipimwe tena kwa waifai katika chumba kile kile. Matokeo mazuri kwa waya na mabaya kwa waifai yanaonyesha kwamba tatizo ni ruta au mahali ilipo, na kampuni haina lawama. Yakiwa mazuri asubuhi na mabaya usiku, hata kwa waya, kampuni imejaza wateja kupita uwezo, na vipimo vya wiki moja vilivyoandikwa pamoja na saa zake vitakuwa ushahidi mzuri kuliko hasira. Yakiwa mabaya wakati wote, mteja atazame taa. Ile iliyoandikwa LOS ikimulika kwa wekundu, mwanga haufiki nyumbani na hakuna mipangilio itakayosaidia. Aite fundi. Taa zikiwa za kijani na mtandao haupo, aulize kwanza kama bili imelipwa.

Limebaki suala la radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Mchana, upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, hukutana na miinuko ya Nandi na Kericho, na mawingu hujengeka alasiri. Usiku, dhoruba huhamia juu ya maji, kama wavuvi wa Dunga na Usenge wanavyojua vyema kuliko kitabu chochote. Ruta inayoungua Kisumu mara nyingi huuawa na mshtuko unaoingia kwa waya wa umeme, au kwa waya wa shaba unaoshuka kutoka sahani ya paani. Kizuia mshtuko cha dukani husaidia kwa mishtuko midogo. Kwa radi yenyewe, dawa ni kuchomoa, na kinachochomolewa ni plagi ya umeme pamoja na waya wa shaba unaotoka nje, vyote viwili. Uzi wa kioo uachwe mahali pake. Kuuchomoa kila mara huingiza vumbi kwenye ncha yake, na vumbi hilo hupunguza mwanga.

Umeme ukipotea, betri ndogo ya akiba ya volti 12 huiendesha ruta kwa saa kadhaa. Mnunuzi asome kibandiko cha ruta kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa zipo ruta za volti 9 na za volti 12, na ampea za betri zisipungue zile ruta inazodai. Volti zikizidi, ruta huungua bila radi.

Mpangaji anapohama na kuirudisha ruta ya kampuni, ndani yake mnakuwa na nywila zake zote. Nyuma ya ruta pana kitundu kidogo. Hapo huingizwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa au ncha ya pini, kikabonyezwa kwa sekunde kumi hivi hadi taa zizimike na kuwaka upya, kisha ndipo ikabidhiwe fundi, naye atie sahihi kwamba ameipokea.